Mrija Usio na Fundo

Kufunga uzazi kwa mwanamume, yaani vasektomi, husemwa kana kwamba kazi yote ni kukata. Ukitazama walivyofanya Rwanda kuanzia mwaka 2010, kukata ndiko kwepesi; shughuli iko kwenye kuziba. Daktari Michel Labrecque wa Kanada aliwafundisha madaktari wachache, nao wakawafundisha wenzao wa hospitali za wilaya. Mfuko wa korodani hutiwa ganzi, kisha badala ya kisu ngozi hutobolewa kwa koleo lenye ncha kali, mbinu aliyoianzisha Li Shunqiang huko China mwaka 1974. Tundu ni dogo, halishonwi. Mrija wa mbegu huvutwa nje, hukatwa, na ncha huchomwa kwa ndani kwa waya wa moto wa betri (umeme ukikatika, kazi inaendelea). Halafu utando unaouzunguka mrija hufunikwa juu ya ncha moja, ukawa kama pazia kati ya ncha hizo mbili. Utando huo si urembo: pale wataalamu walipolinganisha kufunga kwa uzi peke yake na kufunga kwa uzi pamoja na utando, visa vya kushindwa vilipungua kwa karibu nusu.

Wapo wanaohoji: kwa nini kuziba kiasi hicho, ilhali mtu huenda akajuta? Hoja hiyo inadhani kwamba mrija ni fundo la kamba. Daktari anayeunganisha upya hukata kovu lote akalitupa, kisha hushona ncha nzima chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kinachomponza mwenye kujuta ni miaka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1991, uliohusu wanaume 1,469, ulionyesha kwamba waliounganishwa kabla ya miaka 3 kupita, asilimia 97 walirudisha mbegu na asilimia 76 walipata mimba na wenzi wao; baada ya miaka 15, ni 71 na 30. Kuziba kwa ulegevu kusingebadili hesabu hiyo.

Hofu ya kupoteza nguvu za kiume nayo haina mashiko, maana homoni hupita kwenye damu, na mbegu ni sehemu ndogo tu ya shahawa. Udhaifu wenyewe uko kwingine: mbegu zilizokwisha kupita hubaki njiani, hivyo mwanamume hutakiwa kutumia kinga nyingine kwa miezi 3, kisha arudi na kichupa cha shahawa zipimwe. Wengi hawarudi.