Waya Nyuma ya Betri: Uhakiki wa Usanifu na Malighafi za Waya za Moyo kwa Mtazamo wa Bujumbura

Katika Kiswahili cha Dar es Salaam, mgonjwa aliyepandikizwa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo husemwa kuwa "amewekewa betri". Magazeti ya Tanzania huripoti hivyohivyo kazi ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kifaransa, ambacho madaktari wa Bujumbura hufundishwa nacho, kina mazoea yaleyale: wagonjwa husema "pile", yaani betri. Jina ni jepesi na linaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kubadilisha betri za redio. Hata hivyo, limemeza nusu ya kifaa. Betri na saketi zake hukaa chini ya ngozi ya kifua, mahali ambapo daktari huifikia kwa mpasuo mfupi na kuibadilisha inapokwisha nguvu baada ya miaka kadhaa. Kinachopenya ndani ya mshipa, kikavuka valvu na kujishikiza katika nyama ya moyo, ni waya. Hiyo ndiyo isiyobadilishwa kirahisi.

Makala haya yanahakiki usanifu na malighafi za waya hiyo, pamoja na ukimya unaoizunguka katika mijadala ya sera ya Afrika Mashariki. Hoja yanayoitetea ni kwamba vigezo vinavyotumika kuisifu waya bora vimetungwa mahali ambapo waya mbovu inaweza kuchomolewa, na kwamba mnunuzi wa Bujumbura anayevipokea vigezo hivyo bila kuvihoji ananunua pia dhana isiyokuwapo kwake.

Ni vema kuanza na kazi ambayo waya hufanya. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku, na karibu mara milioni 37 kwa mwaka. Kila pigo huikunja waya kidogo. Kwa kijana anayetarajiwa kuishi nayo miaka 20, hiyo ni mikunjo zaidi ya milioni 700, ndani ya maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37, huku seli za kinga zikiishambulia kama kitu kigeni. Wahandisi waliitikia hali hiyo kwa kusokota metali kama springi ili mkazo usikae mahali pamoja, na kwa kuchagua aloi ya nikeli, kobalti, kromiamu na molibdenamu ijulikanayo kama MP35N, wakati mwingine ikiwa na kiini cha fedha ili kupunguza ukinzani wa umeme. Nchani huwekwa skurubu ndogo au miiba laini ya kushikilia, pamoja na dawa ya deksamethasoni isiyofika miligramu 1, inayotulia polepole kwenye jeraha na kuzuia uvimbe. Dawa hiyo, iliyoanza kutumika katika waya miaka ya 1980, ni miongoni mwa mafanikio makubwa na ya kimyakimya ya fani hii: jeraha linapotulia, moyo huitikia umeme kidogo zaidi, na betri hudumu. Kwa hiyo hata uhai wa betri, ambao ndio unaosifiwa katika matangazo, kwa sehemu huamuliwa na ncha ya waya.

Udhaifu mkubwa zaidi umekuwa katika ngozi ya kuhami. Silikoni huistahimili kemia ya mwili kwa miongo, lakini ni laini, huchanika upesi, na nyuso zake hung'ang'aniana; waya mbili za silikoni zikipitishwa katika mshipa mmoja hugombana. Ili iwe salama lazima iwe nene. Poliurethani huteleza na ina nguvu zaidi, kwa hiyo iliruhusu waya nyembamba, na ikapokewa kwa matumaini makubwa. Katika miaka ya 1980 matumaini hayo yaliingia ufa, na neno hilo hapa si tamathali. Aina laini ya poliurethani iliyoitwa 80A ilianza kupasuka ndani ya wagonjwa. Sababu zilizobainishwa ni mbili. Kwanza, seli za kinga zilitoa kemikali za kuoksidisha zilizoila ngozi hiyo mahali ilipokuwa na mkazo uliobakia kutoka kiwandani. Pili, ayoni za metali, hasa kobalti kutoka katika waya yenyewe, zilichochea uoksidishaji kutoka ndani. Ngozi ililiwa pande zote mbili, na upande mmoja adui alikuwa ni metali iliyokusudiwa kulindwa.

Kisa hicho kinastahili kutajwa kila mara sera ya ununuzi inapojadiliwa, kwa kuwa kinaonyesha kwamba malighafi haiwezi kuhukumiwa peke yake. Poliurethani hiyo ilifaulu majaribio ya maabara, na kobalti ilifaulu yake. Zilishindwa zilipokutana ndani ya mwili, baada ya miaka. Mnunuzi anayeonyeshwa cheti cha malighafi ameonyeshwa kidogo sana. Anachohitaji ni rekodi ya waya kamili ndani ya watu kamili, kwa muda mrefu.

Visa viwili vya baadaye, vyote vya waya za vifaa vya kushtua moyo, vinaongeza uzito. Waya ya Sprint Fidelis ya kampuni ya Medtronic iliingia sokoni mwaka 2004 ikisifiwa kwa wembamba wake. Ilikuwa na kipenyo cha takriban milimita 2.2. Oktoba 2007 kampuni ilisitisha mauzo yake baada ya kuonekana kwamba metali ilikuwa ikivunjika, na wakati huo waya zipatazo 268,000 zilikwisha kupandikizwa duniani. Baadhi ya wagonjwa walipigwa mishtuko ya bure wakiwa macho, kwa sababu kifaa kilisoma kelele za waya iliyovunjika kama mapigo ya hatari. Waya ya Riata ya St. Jude Medical ilikosea kwa namna nyingine: nyaya za ndani ziliisugua silikoni kutoka ndani kwenda nje hadi zikatokeza, na mwaka 2011 mamlaka ya Marekani iliuweka uondoaji wake sokoni katika daraja la juu kabisa la hatari.

Kinachoziunganisha waya hizi ni sifa zilizouzwa nazo. Wembamba humfaa anayeingiza: mshipa haubanwi, kazi huisha mapema, nafasi ya waya ya pili hubaki. Anayeibeba kwa miaka 20 ana haja nyingine. Si haki kusema kwamba wembamba ni ubatili, maana mshipa wa mtoto ni mwembamba, na waya imara zenye kipenyo cha milimita 1.4 zimekwisha kutengenezwa kwa kuacha uwazi wa ndani na kutumia kebo badala ya springi. Lakini katika masoko yenye hospitali za kuchomoa waya, kosa la wembamba lina marekebisho. Mahali pengine halina.

Kwa nini kuchomoa ni kugumu? Ndani ya miezi michache mwili huifunika waya kwa utando wa kovu unaoishikamanisha na ukuta wa mshipa na moyo. Baada ya mwaka mmoja au zaidi, kuitoa huhitaji ala za leza au za kukata zinazotelezeshwa juu ya waya hadi nchani, daktari mwenye uzoefu mahsusi, na timu ya upasuaji wa moyo ikiwa tayari, kwa kuwa mshipa mkuu ukichanika mgonjwa hufariki kwa dakika chache. Katika vituo vyenye uzoefu vifo ni chini ya 1 kwa 100. Takwimu hiyo ni ya vituo hivyo, wala haisafiri pamoja na waya.

Hapa kisa cha Accufix kina faida kwa wasomaji wa ukanda huu kuliko vyote. Waya hiyo ya kampuni ya Telectronics, iliyoondolewa sokoni mwaka 1994, ilikuwa na kiwaya kidogo cha kuipa umbo la herufi J, ambacho kilivunjika na kutoboa ngozi ya kuhami, na baadhi ya wagonjwa walifariki. Hofu ilienea, na wengi wakachomolewa waya zao. Ufuatiliaji ulionyesha baadaye kwamba kwa wagonjwa wengi hatari ya kuchomoa ilizidi hatari ya kuiacha ikichunguzwa. Kuiacha waya mahali pake, kwa macho na kwa rekodi, ni uamuzi wa kitabibu wenye heshima. Unahitaji tu kwamba waya ijulikane ni ipi.

Bujumbura na bega la mgonjwa

Usanifu wa waya hukamilika inapopitishwa mwilini. Waya ikiingizwa kwa sindano katika mshipa ulio chini ya mtulinga, karibu na kifua, hupita kati ya mfupa huo na ubavu wa kwanza, na kila mkono unapoinuliwa mifupa hiyo huibana kama koleo. Metali hukatika hapo, au ngozi hupondeka. Mwenye kazi ya mezani huinua mkono mara chache. Mtu ashukaye kutoka vilima vilivyo karibu na Bujumbura akiwa na baiskeli iliyosheheni ndizi, au alimaye kwa jembe tangu alfajiri, ana bega la aina nyingine. Njia ya kuepuka ubanaji huo inajulikana na haina gharama ya vifaa: kupasua kidogo na kuutumia mshipa wa sefaliki, au kuingia mbali zaidi upande wa kwapa. Ni suala la mafunzo. Inashangaza, basi, kwamba mijadala ya misaada huhesabu betri zilizotolewa, na ni nadra kuuliza waya zilipitishwa wapi.

Takwimu za bara zinaeleza kwa nini hesabu ya betri imetawala. Uchunguzi wa PASCAR, chama cha madaktari wa moyo wa Afrika, uliohusu miaka 2011 hadi 2016, ulipata kiwango cha kati cha vifaa 2.66 kwa kila watu milioni moja katika nchi, takriban mara 200 chini ya Ulaya. Mbele ya pengo kama hilo, kutumia tena betri za marehemu baada ya kuzisafisha ni jambo la busara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliowalinganisha wagonjwa 1,051 waliopewa vifaa vilivyotakaswa na wenzao 3,153 wa Kanada waliopewa vipya, ulipata maambukizi au kifo kilichotokana na kifaa kwa asilimia 2.0 dhidi ya 1.2 katika miaka miwili, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Jaribio la Chuo Kikuu cha Michigan lililoihusisha Kenya na nchi nyingine limeendeleza ushahidi huo.

Lakini katika jaribio hilo makundi yote mawili yalipewa waya mpya. Haingewezekana vinginevyo: betri hutolewa katika kifua cha marehemu kwa dakika chache, ilhali waya hukatwa na kuzikwa naye. Ndiyo kusema kila betri ya msaada huja na haja ya waya ya kununua, na waya hiyo ndiyo itakayobaki betri ya msaada itakapokwisha. Mpango unaotangaza vifaa vya bure bila bajeti ya waya umetangaza nusu. Aidha, kifuko cha betri kikipata maambukizi, mwongozo wa tiba ni kuondoa mfumo wote, waya zikiwamo. Dawa peke yake haiponyi. Asilimia 2 ya Montreal na asilimia 2 ya Bujumbura zina maandishi mamoja na matokeo tofauti.

Wapo watakaosema kwamba kifaa kisicho na waya, kama Micra kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2016, kimelifuta tatizo. Kina uzito wa takriban gramu 2 na hukaa chote ndani ya moyo. Kwa baadhi ya wagonjwa ni neema. Bei yake, hata hivyo, ni ya masoko mengine, na betri yake ikiisha baada ya miaka mingi kukitoa si kazi ndogo. Kwa muda unaoonekana, waya itaendelea kuwapo.

Waya, sonde na kadi

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipogawa vituo vya umahiri wa afya, elimu ya moyo na mishipa ilikwenda Tanzania, na lishe ikaenda Burundi. Mgao huo una mantiki, lakini unamaanisha kwamba mgonjwa wa Burundi anaweza kupandikizwa nje na kufuatiliwa nyumbani. Anarudi na maandishi ya Kiingereza kwa daktari wa Kifaransa. Kwa Kifaransa waya ya moyo ni "sonde", neno lilelile la mpira wa mkojo na mpira wa kulishia puani. Kwa Kiswahili hakuna neno thabiti. Wengine husema waya, wengine elektrodi, ingawa elektrodi ni ncha tu. Wanaistilahi wa Kiswahili wamekwisha kutunga majina kadhaa ya betri. Waya inastahili zamu yake, na neno "waya ya moyo" linatosha, mradi litumike kwa maana moja.

Faida yake si ya kamusi pekee. Usanifu wa waya una jambo moja ambalo watengenezaji walikubaliana na ambalo linaitumikia Bujumbura vizuri: plagi ya IS-1, yenye upana wa milimita 3.2, inayoruhusu waya ya kampuni moja kuchomekwa katika betri ya kampuni nyingine. Kwa plagi hiyo, waya iliyopandikizwa Nairobi inaweza kupokea betri ya msaada Bujumbura miaka 10 baadaye. Waya za zamani zina plagi nyingine, na betri isiyolingana nazo haiingii bila adapta. Hata zinapolingana, kuchanganya kampuni huweza kuondoa kibali cha mgonjwa kupigwa picha kwa mashine ya sumaku, kwa sababu kibali hicho hutolewa kwa waya na betri zilizopimwa pamoja. Kwa hiyo kadi ya mgonjwa inayoandikwa kwa Kiswahili na Kifaransa haina budi kutaja, kwa kila waya, kampuni, modeli, namba, aina ya plagi, mshipa uliopitiwa na tarehe. Ikitaja betri peke yake, daktari atakayefungua kifua hicho atajua plagi ni ipi baada ya kukata.