Chapa, Maksai na Wimbo: Tafakuri ya Mtunzi wa Kiturkana

Katika uhakiki wetu, mtunzi atafakariye, akachora, kisha akatunga, aghalabu huchukuliwa kuwa mtu wa daftari na kalamu: amejitenga, anaisaka nafsi yake, na kila alama aitiayo karatasini ni mali yake. Dhana hii inatuzuia kuona kwamba mazoea hayo matatu yamekaa pamoja hata pasipo karatasi. Mfano wetu ni wimbo wa maksai miongoni mwa wafugaji wa Turkana, pamoja na wale wa nyanda za Kaikor, kaskazini ya Lodwar na Kakuma.

Mwanamume wa Kiturkana huwa na maksai wake mteule. Humwita kwa rangi na mabaka yake, humpinda pembe zichukue umbo alitakalo, na humtungia wimbo. Yeye mwenyewe hupata jina kutokana na mnyama huyo, jina litanguliwalo na Apa-, yaani ‘baba wa’. Itaru Ohta, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1987, alionyesha jinsi msamiati wa rangi na mabaka unavyomwezesha mfugaji kumtambua kila mnyama peke yake. Kwa mhakiki, hii si habari ya ufugaji tu. Kutazama huko, siku baada ya siku malishoni, ndiyo tafakuri yenyewe. Lugha ya wimbo hutoka humo.

Mchoro ndio wenye utata. Neno emachar hutaja ukoo, na pia chapa ya ukoo ichomwayo kwenye ngozi ya mifugo. Basi mchoro huu si wa mtunzi. Ameurithi, na hana ruhusa ya kuubuni upya. Mnyama naye huenda ametoka kwa baba, mkwe au rafiki. Kilicho chake hasa ni wimbo. ‘Mimi’ anayejigamba katika utungo husimama juu ya alama isiyo ya mtu mmoja, na mvutano huo, kwa maoni yangu, ndio unaoupa wimbo uzito wake. Anayeusoma kama ungamo la nafsi moja amepoteza nusu ya maana.

Hata hivyo tusivuke mpaka. Lynch na Robbins, mwaka 1977, walilinganisha michoro ya mawe ya Namoratunga, karibu na Lokori, na chapa za mifugo. Ulinganisho huo unashawishi mtu aseme kwamba chapa ni maandishi. Sikubaliani. Chapa hutambulisha, haisimulii. Asimuliaye ni mwimbaji. Kuiita maandishi ni kukiri kimyakimya kwamba kisichoandikwa ni duni, msimamo ambao Pio Zirimu wa Uganda aliupinga alipoipa fasihi simulizi istilahi yake.

Athari ya haya kwa ukusanyaji ni kubwa. Tukinukuu maneno pekee, takriri za rangi huonekana kuwa udhaifu wa fani, ilhali kila rudio ni mtazamo mwingine wa ngozi ileile. Mkusanyaji hana budi kuandika pia rangi, umbo la pembe, chapa, na aliyemtoa mnyama. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo mingi kaskazini mwa Kenya. Maksai akifa, pembe na mabaka hubaki katika wimbo tu, na aliyekuja na kinasa sauti pekee hana cha kuulinganisha nacho.