Video Fupi na Kumbukumbu za Siku Zote

Kumbukumbu ni akiba ya watu wote, walakini watunzaji wake daima wamekuwa wachache. Zamani mtunzaji alikuwa mwenye kalamu. Leo ni kila mwenye simu ya mkononi. Kutoka Kunduchi na Mbweni mpaka Bagamoyo, watu hunasa mambo ya siku zote katika video fupi: ngalawa ikitia nanga, samaki wakinadiwa, bibi akisuka ukili barazani. Je, vipande hivi vyastahili kuhesabiwa miongoni mwa masimulizi ya pwani yetu? Swali hili lataka uhakiki, si kicheko.

Ufupi peke yake si aibu, maana sinema yenyewe ilizaliwa fupi. Auguste na Louis Lumière walipoonyesha picha zao Paris tarehe 28 Desemba 1895, kila moja ilidumu kiasi cha sekunde 50, na miongoni mwake yalikuwamo mambo ya kila siku: wafanya kazi wakitoka kiwandani, mtoto mchanga akilishwa. Katika mwaka 2013 Cesar Kuriyama wa Marekani alitoa programu ya simu iitwayo 1 Second Everyday, ambayo huunga sekunde moja ya kila siku. Mwaka mzima hupita mbele ya macho kwa dakika 6 na sekunde 5. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikisha kujaa, yafaa ijulikane kimejaa nafaka gani.

Bagamoyo ina kipimo chake cha kupimia kazi ya namna hii. Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten, na sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda. Mtoro alieleza kuzaliwa, malezi, michezo, ngoma, ndoa na mazishi, kila jambo kwa jina lake na kwa utaratibu wake. Msomaji hujifunza nani alipaswa kufanya nini, na kwa wakati gani. Asichoweza kukipata ni sauti ya msemaji, mwendo wa mchezaji, na uso wa mtu mmoja kwa siku moja. Kitabu kina desturi pasipo mtu.

Hapo ndipo video inapomshinda mwandishi. Mnadi samaki wa ufukweni Bagamoyo, jinsi anavyopandisha bei kwa sauti, anavyomtania mnunuzi, anavyonyamaza kidogo kabla ya kukata shauri: hayo hakuna kalamu iwezayo kuyaandika yakabaki hai. Sekunde 20 zatosha kuyahifadhi.

Walakini video nyingi zina kasoro ya kinyume cha kitabu: zina mtu pasipo desturi. Tuchukue mfano wa wakulima wa mwani wa Mlingotini. Kipande huonyesha wanawake wameinama majini, kamba mikononi, wakicheka. Ni picha nzuri. Lakini hakituambii kwamba shamba hufikiwa maji yakipwa, wala kwamba bamvua ndiyo majira ya kazi kubwa. Tena aghalabu muziki wa mjini umewekwa juu ya sauti zao, hata utani wao, ambao ndio roho ya jambo lenyewe, hausikiki. Mwenye kufanya hivyo ni sawa na mwandishi anayefuta maneno ya wahusika wake ili apate nafasi ya mapambo.

Watakuwapo wa kusema kwamba jicho linatosha. Ndiyo, latosha leo, kwa yule aliyekuwapo. Baada ya miaka 50 mjukuu atamwona mwanamke asiyemjua, akifanya kazi asiyoijua, mahali asipopajua. Picha isiyo na neno hufa pamoja na mpigaji wake. Na nyingine hazingoji hata kifo chake: video iliyowekwa katika stetasi ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24.

Dawa yake si ghali. Mpigaji aseme: ataje mahali, tarehe, jina la kazi na la chombo, na jina la mtu, iwapo mwenyewe ameridhia. Ridhaa si jambo dogo. Pwani hii ilipigwa picha na wageni tangu enzi ya misafara, na watu wengi katika picha hizo hawana majina. Haifai mwenyeji amfanyie jirani yake lile ambalo babu yake alifanyiwa na mgeni.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: video fupi ni masimulizi, ila yenye neno lake. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, i karibu na ufukwe huo. Na wanafunzi wa fasihi wa Dar es Salaam hawako mbali. Wanayo kamera ambayo Mtoro hakuwa nayo. Na waende nayo mnadani na katika mashamba ya mwani, lakini wachukue na desturi yake Mtoro: kuuliza kwanza, kusikiliza mpaka mwisho, na kukiita kila kitu kwa jina lake.