Ndiyo na La katika Utafiti wa Marudio

Mwaka 2015 kundi la Open Science Collaboration lilichapisha katika jarida la Science matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Wengi walishika tarakimu moja tu: marudio yaliyofikia umuhimu wa kitakwimu ni asilimia 36, ilhali tafiti za awali zilikuwa asilimia 97. Kipimo hicho sikiridhii. Tafiti mbili zaweza kutoa athari zinazokaribiana sana, mmoja ukavuka mpaka na mwingine usivuke, je, zimepingana? Ripoti hiyohiyo ilipouliza kama athari ya awali imo ndani ya masafa ya makadirio ya marudio, ilipata asilimia 47. Hata hapo pana hadhari: sampuli ndogo hutanua masafa, yakawa mithili ya juya lizoalo lolote. Lililo zito ni kwamba, kwa wastani, athari zilipungua kufikia nusu hivi, jambo lisilojibika kwa ndiyo wala la.