Simu ya Asiyeona na Masikio Yetu

Adabu ya jicho tumefundishwa tangu tuko wadogo. Mtoto wa kwetu hachungulii dirishani mwa watu, hafungui barua isiyo yake, na akifika mlangoni hupiga hodi akangoja. Ama adabu ya sikio tumeisahau, na khasa siku hizi ambapo kimezuka chombo kinachosema kwa sauti yale ambayo wenye macho huyasoma kimya. Chombo hicho ni programu ya kusoma skrini, iliyomo ndani ya simu janja ya ndugu yetu asiyeona. Makusudio ya maneno haya ni kukipima chombo hicho, uzuri wake na upungufu wake, kisha tujipime sisi tunaokaa karibu nacho.

Kwanza tujue kinavyofanya kazi. Asiyeona hupitisha kidole juu ya kioo cha simu, na kila alipogusa simu humwambia pana nini: hapa pana jina la fulani, hapa pana ujumbe, hapa ni mahali pa kutuma. Akitelezesha kidole kwenda kulia hupelekwa kwenye kitu kinachofuata, na akitaka kukifungua hugonga mara mbili. Jambo hili liliingia katika simu za kupangusa mwaka 2009. Mwaka huo kampuni ya Apple ilitia VoiceOver katika iPhone, na Google ikatoa TalkBack kwa simu za Android. Miongoni mwa walioifanya kazi hiyo ya Google ni T. V. Raman, mtaalamu mzaliwa wa India, ambaye mwenyewe haoni tangu ujana wake. Kwa hivyo asidhani mtu kuwa hii ni sadaka ya wenye macho kwa wasio na macho. Asiyeona naye alikuwamo katika kuijenga.

Je, faida yake kubwa ni ipi? Wengi watasema ni kusoma. Mimi nasema ni siri. Kusomewa kulikuwako zamani, na si aibu. Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekufa mwaka 1999 akiwa Mufti Mkuu wa Saudia, alipoteza macho akiwa kijana wa miaka kama 20, na vitabu alisomewa na wanafunzi wake. Lakini si kila mtu ana wanafunzi waaminifu, wala si kila karatasi ni kitabu cha fiqhi. Iko barua ya mke, iko khabari ya deni, kiko cheti cha hospitali. Asiyeona alimwita kijana wa jirani amsomee, na kabla ya alasiri mtaa mzima ulikuwa umekwisha jua. Simu hii imemrudishia mtu huyo faragha yake. Swali ni kama sisi tunamwachia.

Naandika haya nikiwa Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, juu katika uwanda wa Ufipa mkoani Rukwa, penye njia itokayo Sumbawanga kwenda Kasanga kando ya Ziwa Tanganyika. Msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja asidhani kuwa simu hizi ni za miji mikubwa tu. Ziko huku, na tabia za watu ni zile zile. Asiyeona akitoa simu yake sokoni, utaona vichwa vinainama. Huyu anatega sikio apate kujua nani amemwandikia mwenzake, yule anaigiza ile sauti ya mashine kuchekesha watu, wa tatu ananong'ona, "Huyu si kipofu, kipofu gani ana simu ya kupangusa?" Wala hajui kwamba wengi katika wanaohesabiwa kuwa hawaoni wanayo nuru kidogo machoni, wengine huona kivuli cha mtu wasimjue ni nani, na kwamba hata asiyeona kabisa huitumia simu hiyo kwa sikio na kidole.

Hadithi iliyopokewa katika Bukhari imemtahadharisha mwenye kusikiza maneno ya watu nao wanachukia kusikizwa, kwamba siku ya Kiyama atamiminiwa risasi iliyoyeyushwa masikioni. Na Surat al-Hujurat imekataza kupelelezana. Mtu atasema, "Mimi sikupeleleza, sauti ilinijia yenyewe." Kweli, sauti ikikujia huna kosa. Kosa ni kuisogelea, kuihifadhi, kisha kuipeleka barazani.

Kadhalika zingatia Surat Abasa, iliyoteremka kwa ajili ya Abdullahi bin Ummi Maktum. Yeye hakuuona uso uliokunjwa, na juu ya hivyo haki yake ilitetewa mpaka leo inasomwa. Basi anayemcheka asiyeona kimya kimya, akijidai kuwa hakumuumiza kwa sababu hakuonekana, na afikiri tena.

Wako watakaosema, "Si avae spika za masikioni?" Shauri hili lina nusu ya haki. Penye utulivu, msikitini au ndani ya gari, spika ya sikio moja ni adabu njema kwake na kwa wenziwe. Lakini barabarani masikio ndiyo macho yake. Kwa masikio hujua pikipiki inatoka upande gani, mtaro uko wapi, na nani anamwamkia. Kumwambia ayazibe yote mawili ni kama kumwambia mwenye kuona avuke njia amefumba macho. Wengine huiharakisha sauti ya simu mpaka asiyezoea hasikii ila mchakacho, na hiyo ni hila nzuri ya kuficha, lakini yataka mazoezi.

Sasa tukikosoe chombo chenyewe. La kwanza ni lugha. Sauti ya Kiswahili ipo, lakini simu ikiachwa katika sauti ya Kiingereza huyasoma maneno yetu kwa kanuni za Waingereza. "Pole" huwa neno lao lenye maana ya mti au nguzo, na "wake" huwa neno lao la kuamka. Fikiri mtu aliyefiwa, anatumiwa pole na jamaa zake, na simu inamsomea nguzo moja baada ya nyingine! Basi mwenye kumnunulia mzee wake simu asimkabidhi kabla ya kuweka sauti ya Kiswahili. Na Qur'ani isomwayo na mashine hiyo tusiihesabu tilawa, kwani mashine haijui makhraji wala tajwidi. Msomaji hodari aliyerekodiwa ndiye wa kusikizwa.

La pili ni pesa. Zile orodha za kutuma pesa zinazofunguliwa kwa nyota na reli zina muda wake, na mara nyingine sauti haijamaliza kusoma orodha nayo imekwisha jifunga. Tena iko mipangilio inayotamka kila tarakimu ya namba ya siri inapobonyezwa. Hapo asiyeona huona ni afadhali ampe wakala simu na namba yake pia, na huo ndio mlango wa wizi. Wakala mwenye kumcha Mungu haipokei namba ya mtu. Humpa kiti pembeni, akamngoja, na akaondoa watu waliomzunguka.

La tatu ni letu sote. Tangazo la mazishi, la darasa au la harusi huandikwa karatasini, likapigwa picha na kusambazwa. Wenye macho wakasoma. Asiyeona akaambiwa na simu yake neno moja tu: picha. Ziko programu zinazojaribu kuyasoma maandishi yaliyomo pichani, lakini mwandiko wa mkono mara nyingi huzishinda. Kwa hivyo jamaa mmoja hukosa kumzika ndugu yake, si kwa kutotaka, bali kwa uvivu wetu wa kuandika mistari miwili chini ya ile picha: nani amekufa, wapi, saa ngapi.

Serikali zimekwisha sema la kwao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, una kifungu cha 22 kinacholinda faragha yao. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ikatunga sheria yake ya watu wenye ulemavu mwaka 2010. Lakini hapana askari wa kusimama baina ya sikio la mtu na simu ya jirani yake. Hapo yabaki malezi.

Ndugu msomaji, wafundishe wanao mambo haya: simu ya asiyeona ikisema, usogee mbali kidogo kama unavyoupa mgongo mlango ulio wazi. Ulilolisikia bila kutaka, lizike. Usimshike mkono wala simu kabla hujamuuliza. Na akikuuliza nani yuko karibu, mtajie wote kwa majina, apate kujua kama asome sasa au angoje.