Kiingereza Kinachoanzia kwenye Thelathini

Mtoto wa darasa la tatu hafiki kwenye kipindi cha Kiingereza mikono mitupu. Amekwisha kupita ba, be, bi, bo, bu, na anajua kwamba herufi ni alama ya sauti. Katika Kiswahili ahadi hiyo haivunjwi: akizishika irabu tano na silabi zake, ataweza kusoma “kinyang'anyiro” hata kama hajawahi kukiona popote. Kisha anaandikiwa “one” ubaoni, anasoma kwa sauti ya kujiamini “o-ne”, na darasa zima linaambiwa kwamba si hivyo.

Mwalimu hodari wa madarasa ya chini hamfikishi mtoto hapo mapema. “One” anaifundisha kwa masikio kwanza, kwa vidole, vijiti na vizibo vya soda, mpaka imezoeleka kinywani kabla haijafika ubaoni. Ubaoni anaanza na “pen”, “ten”, “bed”, “leg”, “red”. Mgeni aliyekaa dawati la nyuma atadhani maneno hayo yameokotwa tu. Sivyo. Irabu ya maneno hayo iko karibu sana na e ya Kiswahili, kwa hiyo mtoto anabaki na kazi moja pekee: kulifunga neno kwa konsonanti bila kuongeza irabu mwishoni. Kinywa kilichozoea kitabu, daftari na kalamu kinataka kusema “peni” na “bedi”, na hilo peke yake linatosha kuwa somo la siku. “Cat”, neno linalopendwa sana na vitabu vya Uingereza, analiweka kando kwanza. Lina herufi c iliyosimama peke yake, ambayo Kiswahili hakina, lina irabu ambayo mtoto hajawahi kuitamka, na mwisho wake umefungwa. Tena kwa masikio ya mtoto wetu, “cat”, “cut” na “cart” ni neno lilelile. Kujua nini cha kuahirisha ni nusu ya kazi hii, na ni nusu isiyoonekana hata kwa mkaguzi mwenye andalio la somo mkononi.

Halafu kuna hazina ambayo asiyeijua huipoteza. Sauti ya “th” huwasumbua Wafaransa na Wajerumani, na hata watoto wa Kiingereza wenyewe huchelewa kuipata. Mtoto aliyekulia Kiswahili cha pwani huisema kila anapohesabu thelathini na themanini. Akisema dhahabu, anaitoa ile ya pili, iliyomo ndani ya “this”, ambayo Kiingereza huiandika kwa herufi zilezile za “three”. Mwalimu anayelijua hilo anaandika thelathini upande mmoja wa ubao na “three” upande wa pili, kisha ananyamaza. Kwa watoto wa bara wanaosema “selasini” huanzia mbali kidogo, lakini huanzia kwenye Kiswahili vilevile. Sh na ch wanazo tayari. Kinachonifurahisha kuliko vyote ni ng: tofauti ya sauti iliyopo kati ya “finger” na “singer”, ambayo tahajia ya Kiingereza haioneshi kabisa, ni ileile ya ngoma na ng'ombe. Mtoto anayo tangu alipoanza kusema. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya lugha wa Kanada, alieleza mwaka 1979 jinsi ujuzi uliojengwa katika lugha ya kwanza unavyoibeba ya pili. Walimu wetu wazuri huonesha jambo hilo kwa chaki.

Ndiyo maana siwezi kuvumilia kibao cha shingoni. Mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986, jinsi watoto wa enzi zake walivyochapwa au kuvishwa bamba la chuma shingoni kwa kusema Kigikuyu shuleni. Bado zipo shule zinazomwadhibu mtoto kwa neno la Kiswahili na kuita hiyo kufundisha Kiingereza. Zinambomolea mtoto ukuta ambao angeuegemea.

Zana bora niliyowahi kuona ni kipande cha boksi. Kimeandikwa “kit”, na ukingo wake wa kulia umekunjwa nyuma. Watoto wanasoma “kit”. Mwalimu anaukunjua ukingo, e inajitokeza, na neno ni “kite”. Anakunja, anakunjua. Kipande kingine: “not”, “note”. Kingine: “tap”, “tape”. Hatoi kanuni yoyote. Anaendelea kukunja na kukunjua mpaka sauti moja inatoka katikati ya darasa, kwa Kiswahili: “Mwalimu, hiyo e haisemi kitu, inambadilisha mwenzake!” Kuanzia hapo kanuni ni ya mtoto mwenyewe.

Saburi kubwa zaidi hudhihirika kwenye madaftari. Mtoto ameandika “Ai laik mangoz”. Kalamu nyekundu ya haraka ingepiga mkasi mstari mzima. Mwalimu ninayemsifu anaona kwamba mtoto amesikia kila sauti, amezipanga kwa mfuatano wake, na ameziandika kwa kanuni za lugha pekee ambayo haijawahi kumdanganya. Anaweka vema, kisha chini yake anaandika sentensi hiyo kwa tahajia ya Kiingereza ili mtoto alinganishe. Kesho yake anachagua kosa moja tu la kushughulikia. Fikiria kufanya hivyo kwa madaftari sabini.

Na darasani, watoto sabini wanapoitikia kwa pamoja “We are fine, thank you, teacher”, yeye anatembea kati ya madawati akitega sikio. Kiitikio huficha mengi. Yupo anayechezesha midomo tu, yupo anayesubiri mwenzake aanze. Mwalimu anasimama karibu nao bila kuwataja, na katika mzunguko unaofuata anampa kila mmoja swali dogo ambalo ana hakika ataliweza.

Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma masomo yake kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza anakuta baiolojia na hesabu kwa Kiingereza. Daraja analovukia lilianza kujengwa kwenye “pen” na “ten”. Hata hivyo mara nyingi mwalimu mwenye mkono huu, akishaonekana, hupandishwa darasa la saba ili awaandae watahiniwa. Mimi ningemwacha alipo, ningempunguzia wanafunzi, na walimu wapya ningewaketisha nyuma ya darasa lake muhula mzima wakimtazama.