Kulea Mpingo

Ganda la mpingo ni jembamba na jepesi. Upepo kidogo tu wa kiangazi hulipeperusha kutoka kiganjani. Halipasuki lenyewe kama yanavyopasuka maganda ya miti mingi ya jamii ya kunde. Hudondoka na mbegu yake ndani, moja au mbili, likaoza taratibu ardhini huku mbegu ikingojea mvua. Anayetaka kuotesha mpingo hana subira ya kuiachia ardhi kazi hiyo. Analifikicha ganda kwa vidole, anapeta kwenye ungo, makapi yanaruka, zinabaki mbegu bapa za rangi ya kahawia zenye umbo la figo. Kisha anaketi kuzichambua moja moja. Yenye tundu la mdudu inatupwa. Iliyosinyaa inatupwa. Kazi hiyo humaliza asubuhi nzima, na mwisho wake fungu la mbegu safi linaenea kwenye ngumi.

Ukitaja fundi wa mpingo, wengi humfikiria mchongaji, na ni haki yake. Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji wameupeleka mti huu duniani kwa tezo na patasi, na pale Mwenge, Dar es Salaam, unaweza kusimama ukatazama kiini cheusi kikitokeza chini ya weupe wa nje mpaka ukasahau ulikokuwa unakwenda. Wako pia mafundi wa Ufaransa wanaotengeneza klarineti na oboe, na wa Uskoti wanaotengeneza zumari zao za mfuko. Wote hao huutegemea mti huu. Sifa zao zimeimbwa. Mimi leo nataka kumsifu fundi wa mwanzo kabisa, yule anayeulea mti wenyewe, kwa sababu kazi yake ina ufundi usiopungua wa mchongaji, ila haionyeshwi kwenye jumba lolote la sanaa.

Ufundi huo huanza kabla ya mbegu, kwenye kumchagua mti mama. Mpingo wa porini kwa kawaida si mti mnyoofu. Mara nyingi hausimami kwa shina moja. Huota mashina mawili, matatu, yaliyopinda na kujikunja, yenye mifereji ubavuni, na aghalabu haurefuki sana. Mwokota mbegu wa kawaida huokota chini ya mti ulio karibu na njia. Mjuzi hupita huo, akaenda mbali kumtafuta aliyesimama wima, mwenye shina zima lisilo na kovu la moto, na hachukui mbegu za mti mmoja pekee. Huchanganya za mipingo kadhaa iliyoachana, ili kitalu chake kisijae ndugu wa tumbo moja. Hakuna atakayemwona akifanya hivyo, na hakuna mche utakaokuja na cheti cha mama yake. Tofauti itajulikana baada ya miongo.

Mbegu hulowekwa usiku mmoja katika maji ya kawaida. Hazihitaji maji ya moto wala kukwaruzwa. Husiwa kwenye mchanga uliochekechwa, zikafunikwa kidogo tu, kisha nyasi juu yake ili matone ya maji yasizifukue. Zikiwa nzima, baada ya wiki mbili hivi utaona vichwa vya kijani vikiinuka. Hapo inakuja kazi ninayoipenda kuliko zote za kitaluni: kuatika.

Mtazame anayeijua kazi hii. Amekaa kwenye kigoda, viriba vimepangwa mbele yake, ameshika kijiti kilichochongwa ncha. Anakichomeka mchangani pembeni mwa mche na kuunyanyua mchanga wenyewe, mche ukaja juu bila kuvutwa. Anaushika kwa jani, hata siku moja haushiki kwa shina. Jani likichanika litaota jingine, lakini shina la mche wa siku chache likiminywa, hata kama halionyeshi alama, mche umekwisha. Anatoboa tundu katika udongo wa kiriba, tundu refu kuliko mzizi, anauteremsha mche chini kidogo kupita kiasi, halafu anauvuta juu taratibu ili ncha ya mzizi inyooke. Mvuto huo ni wa upana wa ukucha. Usipofanywa, mzizi mkuu hubaki umekunjwa kwa chini, na mti uliokunjwa mzizi utotoni hausahau. Unaweza kudumaa, au ukaja kuanguka ukiwa mkubwa. Kisha anaubana udongo kwa vidole viwili kuanzia chini, siyo juu, ili isibaki nafasi ya hewa kuzunguka mzizi. Kiriba kinawekwa kivulini, mkono umeshafika kwenye mche mwingine. Mwanafunzi akiuvuta mche kwa nguvu, mzee wa kitalu hapandishi sauti. Humwambia tu, "Taratibu, mwanangu, huo ni mti," na kazi inaendelea.

Udongo wa viriba nao una siri yake. Mchanga kidogo, samadi iliyooza vizuri, na udongo uliochotwa chini ya mipingo mikubwa. Mpingo ni wa jamii ya kunde, na mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Bakteria hao wamo katika udongo wa mpingo wenyewe, kwa hiyo konzi ya udongo wa porini ni mbegu ya pili. Baada ya miezi kadhaa, mkulima makini huchana kiriba kimoja na kuutoa mche sadaka ili aangalie mizizi. Akikuta vinundu vidogo, hupasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa na wekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa kijivu au kitupu, kitalu chake kina tatizo la udongo ambalo mbolea ya dukani haitaliondoa.

Mche hukaa kitaluni nusu mwaka au zaidi, na muda wote huo mlezi anapambana na mzizi mkuu, ambao haupendi kufungwa. Huukuta umetoboa chini ya kiriba na kuzama ardhini. Ndiyo maana viriba hunyanyuliwa mara kwa mara na mzizi uliotoka hukatwa, ili nguvu irudi kwenye mizizi midogo ya pembeni. Wiki za mwisho kivuli hupunguzwa, na maji hupunguzwa, mpaka mche uzoee jua kali na kiu kidogo. Wapo wanaoona huo ni ukatili na kuendelea kumwagilia asubuhi na jioni mpaka siku ya kupanda. Miche yao huwa mirefu, ya kupendeza machoni, na kiangazi cha kwanza huiondoa.

Shambani, mpingo unadai jua. Chini ya kivuli cha miti mingine unadumaa, na katikati ya nyasi ndefu unazidiwa. Kwa hiyo misimu ya mwanzo ni ya jembe: kupalilia duara kuzunguka kila mche, tena na tena. Miiba yake husaidia kuwafukuza wanyama ukishakomaa, lakini mbuzi hawaogopi mwiba wa mche mchanga. Na juu ya yote kuna moto. Mpingo mkubwa huvumilia moto wa nyasi. Mche mdogo huungua mpaka ardhini. Kama mzizi umeshashika, utachipua tena, na hapo ndipo wengi hufarijika wakidhani hakuna kilichoharibika. Kilichoharibika ni umbo. Badala ya shina moja yanatoka machipukizi matano, kila moja likisukumana na mwenzake, na hivyo ndivyo porini inavyopatikana ile mipingo ya kujikunja tunayodhani imeumbwa hivyo.

Kupogolea basi ndiyo roho ya kazi hii, na ndipo mikono ya watu hutofautiana. Asiyejua hufika na panga, akafyeka machipukizi yote akaacha moja refu. Refu hilo, likiwa limezoea kushikiliwa na wenzake, hulala kwa upepo wa kwanza. Mjuzi huanza kwa kutazama tu. Anauzunguka mti. Anatafuta chipukizi lililotoka karibu zaidi na shina la asili, lenye unene wa kutosha chini, hata kama si refu kuliko yote, na analiweka moyoni kuwa mrithi. Mwaka wa kwanza anaondoa yale yanayombana mrithi pekee. Mengine anayaacha, kwa sababu kila jani linalisha mzizi, na mti uliobaki na majani machache hauna cha kukulia. Mwaka unaofuata anaondoa mengine. Matawi ya pembeni anayakata yangali membamba, kwa msumeno mdogo wenye meno makali, nje kidogo ya ile pete iliyovimba tawi linapoungana na shina. Akikata ndani ya pete, jeraha halifungi upesi. Akiacha kisiki kirefu, kitaoza, na uozo utaingia ndani.

Uozo huo ndio adui wa wote watakaokuja baada yake. Mpingo mwingi unaokatwa porini huwa na uwazi au ufa katikati, mara nyingi kwa sababu ya jeraha la moto au tawi la miaka mingi iliyopita. Wapasuaji wazoefu huugonga mti kwa kisogo cha shoka na kusikiliza kabla ya kuukata. Na hata gogo zima likifika kwenye mashine, kinachofaa kwa ala za muziki mara nyingi hakifiki sehemu moja ya kumi. Kinachobaki ni mafundo, weupe, nyufa na vumbi jeusi. Sasa fikiria fundi wa klarineti anahitaji nini. Hahitaji nguzo. Kipande chake kirefu hakizidi dhiraa, na unene wake ni wa mpini wa jembe. Kinachotakiwa ni kwamba dhiraa hiyo iwe safi: bila fundo, nyuzi zake zimenyooka, kiini kimeshikana mpaka kinazama majini. Dhiraa hiyo safi hutengenezwa na msumeno wa mlezi katika miaka ya kwanza ya mti, tawi likiwa bado na unene wa kidole.

Na malipo? Mpingo huchukua miaka 70 mpaka 100 kufikia umbo la kuvunwa. Aliyeupanda hatauvuna, na mwanawe huenda naye asiuvune. Simlaumu anayechagua misaji au mikaratusi, maana ada za shule hazisubiri karne. Lakini mpingo haumwachi mlezi wake mikono mitupu. Kivuli chake ni chepesi, mizizi yake hurutubisha udongo, majani yake ni malisho, na maua yake meupe yenye harufu nzuri huita nyuki. Mipakani mwa shamba unaweza kukaa na mazao bila ugomvi.

Mtu aliyeionyesha njia hii kwa vitendo ni marehemu Sebastian Chuwa wa Kibosho, Kilimanjaro, aliyefariki mwaka 2014. Alikuwa mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi miaka mingi Ngorongoro, na alizijua tabia za miti tangu utotoni. Mwaka 1996 yeye na fundi wa kukereza mbao wa Texas, James Harris, walianzisha mradi wa kuhifadhi mpingo baada ya Harris kumwona katika filamu iliyouhusu mti huu. Chuwa hakuanza na mashamba makubwa. Alianza na vitalu vya shule na vya vikundi vya akina mama, akifundisha kusia, kuatika na kutunza kwa namna ambayo mtoto wa darasa la tatu angeweza kurudi nyumbani na kumwonyesha babu yake. Hilo ndilo jambo kubwa kwangu kuliko idadi yoyote ya miche: aliutoa ufundi mikononi mwa wachache.

Kusini, Kilwa, malezi yamechukua sura nyingine. Huko mpingo bado upo porini, na vijiji vimepewa kuisimamia misitu yao. Mwaka 2009 msitu wa kijiji cha Kikole ulipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, na kijiji kikaanza kuuza mpingo wake kwa bei yenye heshima. Kazi ya huko ni ya kulea kilichokwisha kuota: kuchoma nyasi mapema, zingali na unyevu, ili moto uwe mdogo na usirudi mkali mwishoni mwa kiangazi, kuhesabu miti, kuiacha ya mbegu. Tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo iko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Masharti ni mema, ila hayajapata kuotesha mche hata mmoja.

Maganda ya mpingo hukomaa kiangazi. Kama unaishi ukanda wa chini wenye joto na jua, na una mpaka wa shamba usio na mti, tafuta mpingo ulionyooka kabla hayajapeperuka, uombe ruhusa kwa mwenye eneo, uchukue maganda ya mti zaidi ya mmoja. Ukikosa, muulize bwana miti wa wilaya yako, au waandikie Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wanaouza mbegu za miti. Anza na viriba 20. Nunua msumeno mdogo wa kupogolea, na panga liache nyumbani.